Besi Ikizidi, Gitaa Halisikiki

Safari hii tunaacha kidogo habari za mbolea na maji ya kunywa. Tunazungumza juu ya gitaa la umeme na mashine yake ya kukuza sauti. Labda mwingine atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wakulima?

Yanatuhusu. Vijiji vingi vina kwaya, na kwaya nyingi zina magitaa. Mashine hizo hununuliwa kwa michango, yaani kwa jasho la watu wote. Zikitumiwa vibaya, fedha ya watu imepotea. Tena maneno ya wimbo hayafiki kwa wasikilizaji. Watu wanarudi nyumbani masikio yanawauma, na ujumbe hawakuupata.

Jambo tulilolikuta Sigino

Sigino ni sehemu ya mji wa Babati, mkoani Manyara. Ukiwa Babati unauona mlima Kwaraa umesimama juu ya mji. Wakulima wa huko wanalima mahindi na mbaazi katika shamba moja. Tulifika Sigino mwezi wa nane, mbaazi zikivunwa. Tulikwenda kwa ajili ya kisomo cha jioni.

Kisomo kilipokwisha tulisikia ngurumo. Vuuu, vuuu, vuuu. Tulidhani ni lori linapanda mlima. Kumbe ni kwaya, inafanya mazoezi katika jengo la jirani. Jengo lina paa la bati na sakafu ya saruji. Waimbaji walikuwa kumi na wanane. Palikuwa na gitaa moja la solo, gitaa moja zito la besi, na vipaza sauti viwili vya waimbaji. Gitaa la solo lilikuwa na mashine yake, na gitaa zito lilikuwa na mashine yake. Waimbaji walitumia spika mbili za ukutani.

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Mama mmoja mtu mzima, aliyetoka nasi kwenye kisomo, alisimama mlangoni. Akamtazama mpiga solo, kisha akatugeukia.

"Mwalimu," alisema, "huyu mwanangu anapiga gitaa. Vidole vyake naviona vinakwenda. Lakini gitaa lenyewe silisikii."

Ndugu wasomaji, mama yule alisema kweli tupu. Kelele ilikuwa nyingi, lakini gitaa halikusikika.

Kiongozi wa kwaya alitueleza shida yao. "Mashine hii haina nguvu, Mwalimu. Tumekwisha kaa kikao. Tuna magunia sita ya mbaazi ya shamba la kikundi. Tunataka kuyauza tununue mashine kubwa zaidi."

Tuliuliza, "Magunia hayo yalikuwa ya kazi gani?"

Akajibu, "Tulikusudia sare, na akiba ya kusaidia mwenzetu akipata ugonjwa au msiba."

Basi tuliomba watupe nusu saa kabla hawajauza hata debe moja. Hatukuomba kwa sababu sisi ni mafundi. Zamani, tulipokuwa katika chuo cha ualimu, tulipiga gitaa katika bendi ya wanachuo. Sisi nasi tulipenda besi. Tulizungusha nobu ya besi mpaka mwisho, tukapasua spika ya chuo. Fedha ya kununua nyingine tuliikatwa sisi wenyewe. Somo hilo hatujalisahau.

Sauti nzito na sauti nyembamba

Kwanza tujue sauti ni nini. Chukua uzi wa katani, uvute ukaze, kisha uudonoe kwa kidole. Utauona unatetemeka. Mtetemeko huo unasukuma hewa. Hewa inafika sikioni, nasi tunasema tumesikia.

Uzi ukitetemeka polepole, sauti ni nzito. Ukitetemeka haraka, sauti ni nyembamba.

Wataalamu huhesabu mitetemeko ya sekunde moja. Kwenye mashine kipimo hicho huandikwa kwa herufi mbili: Hz. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Uzi wake mwembamba kuliko wote hutetemeka kama mara 330. Gitaa zito la besi liko chini zaidi. Uzi wake mnene hutetemeka kama mara 41 tu, yaani nusu ya ule wa gitaa la kawaida.

Sasa tuangalie sikio. Sikio la kijana husikia kuanzia kama mitetemeko 20 mpaka kama 20,000 kwa sekunde. Lakini halisikii yote sawasawa. Linasikia vizuri zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Sauti za sehemu hiyo hutusaidia kutofautisha neno "pata" na neno "kata". Uzi wa gitaa nao, pamoja na sauti yake kubwa, hutoa sauti ndogondogo za juu. Hizo ndizo zinazokuambia: huyu amedonoa uzi huu, sasa amehamia ule.

Sauti nzito sana sikio hulisikia kwa taabu. Kwa hiyo mashine inahitaji nguvu nyingi ili sauti hiyo isikike. Hapo ndipo penye mtego. Ukiongeza besi, unakula nguvu ya mashine. Nguvu ya kutoa sauti za juu inabaki ndogo.

Mashine ni kama punda. Punda mmoja anaweza kubeba unga wa kutosha nyumba nzima. Lakini ukimpakia kwanza magunia ya mchanga, unga utauweka wapi? Ukizidi kumpakia, atapiga magoti. Mashine nayo ikizidiwa, inapiga magoti. Sauti inaanza kukwaruza, kama mtu anayeongea ana mafua. Mpigaji anadhani mashine haina nguvu. Nguvu inayo, ila imepakiwa mchanga.

Kila chombo kina ngazi yake

Mpiga solo wa Sigino ni kijana msikivu. Alituuliza swali zuri. "Lakini Mwalimu, nikipunguza besi gitaa linakuwa jembamba. Nikipiga peke yangu nyumbani halina utamu."

Tulimwambia, "Ni kweli kabisa. Ukipiga peke yako, besi kidogo ni tamu. Lakini hapa huko peke yako. Yupo mwenzako wa gitaa zito. Yeye ndiye mwenye kazi ya chini. Wewe ukishuka kumfuata, mnagombania njia moja, na ya juu inabaki haina mtu."

Hapo kiongozi wa kwaya alicheka. Akasema, "Kumbe ni kama mahindi na mbaazi."

Naam, ni kama mahindi na mbaazi. Wakulima wa Babati wanayajua mambo hayo kuliko sisi. Mahindi na mbaazi hukaa shamba moja bila kugombana, kwa sababu kila mmea una nafasi yake na wakati wake. Mahindi hupanda haraka. Mbaazi husubiri chini, kisha hutanuka mahindi yakishavunwa. Lakini ukibananisha mahindi kupita kiasi, mbaazi hazipati jua. Hazifi kwa sababu mbegu ni mbaya. Zinakufa kwa kukosa nafasi.

Gitaa la Sigino lilikosa nafasi vilevile.

Tujifunze kwa bendi zetu

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Bendi za dansi za Tanzania zimelifanya kwa miaka mingi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Bendi kama hizo zilikuwa na magitaa matatu au manne kwa pamoja. Lakini ukisikiliza huchanganyikiwi.

Gitaa la solo linalia juu. Gitaa la kati, ambalo wengine huliita rithimu, linajaza katikati. Gitaa zito linatembea chini. Bendi nyingine huongeza solo la pili, linaloitikia la kwanza kama mtu na jirani yake wanavyosalimiana. Wenzetu wa Kongo nao wana gitaa wanaloliita mi-solo, linalokaa kati ya solo na rithimu. Franco wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa na bendi kubwa yenye magitaa ya namna hiyo.

Mfikirie pia Mbaraka Mwinshehe. Alisifika kwa solo akiwa na Morogoro Jazz. Mwaka 1973 aliunda bendi yake, Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mpaka leo gitaa lake likipigwa redioni, wazee wanalitambua kabla ya mwimbaji kufungua mdomo.

Sasa fanya jaribio nyumbani kwako. Chukua redio ndogo ya betri, yenye spika ndogo kama mdomo wa kikombe. Spika ndogo hivyo haiwezi kabisa kutoa besi ya chini. Subiri nyimbo za zamani. Je, gitaa la solo hulisikii? Unalisikia, tena kila uzi. Kwa hiyo uhai wa solo hauko kwenye besi. Uko katikati na juu.

Tusome maandishi ya mashine

Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Mashine nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa. Tusiogope. Maneno yenyewe ni machache, na chini ya kila neno kuna nobu ya kuzungusha. Mara nyingi nobu ina namba kutoka 0 mpaka 10. Ukizungusha kulia unaongeza. Ukizungusha kushoto unapunguza.

VOLUME husomwa "volyumu". Ni ukubwa wa sauti.

GAIN husomwa "geini". Ni nguvu ya sauti inapoingia ndani ya mashine. Ikizidi hapo, sauti inakwaruza hata kama inatoka ndogo.

MASTER husomwa "masta". Ni ukubwa wa sauti inapotoka kwenda kwenye spika.

BASS husomwa "besi". Ni sauti nzito, ya chini.

MIDDLE au MID husomwa "mido" au "midi". Ni sauti ya kati. Hapa ndipo kifua cha gitaa kilipo.

TREBLE husomwa "trebo". Ni sauti ya juu, nyembamba na kali.

REVERB au ECHO ni mwangwi. Katika jengo la bati na saruji mwangwi upo tayari, wa bure. Usiuongeze.

Tulipomulika tochi kwenye mashine ya Sigino tulikuta hivi: GAIN 8, BASS 9, MIDDLE 2, TREBLE 4, REVERB 6. Tulimwomba yule mama wa kisomo atusomee. Alisoma namba moja moja kwa sauti. Akafika kwenye BASS akasema, "Tisa! Ndiyo maana madirisha yanalia."

Tulivyofanya, hatua kwa hatua

1. Tulihamisha mashine. Ilikuwa imewekwa sakafuni, kwenye pembe ya nyumba. Pembe ya nyumba huongeza besi. Sauti nzito hugonga sakafu na kuta mbili, kisha hurudi zote pamoja. Tuliitoa pembeni, tukaiweka kama hatua mbili kutoka ukutani.

2. Tuliinyanyua juu ya kiti cha mbao kilicho imara. Tukaiegemeza kidogo, uso wa spika ukitazama kichwa cha mpigaji. Sababu ni hii: sauti za juu huenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Sauti nzito husambaa kila upande. Mashine ikiwa sakafuni, sauti za juu zinapita miguuni mwa mpigaji. Yeye anasikia besi tu. Anadhani gitaa halilii, anazidi kuongeza, na waliokaa mbele ndio wanaoumia.

3. Tulirudisha nobu zote za mlio mahali pa kuanzia. BASS tuliirudisha 0. MIDDLE na TREBLE tuliziweka 5. REVERB tuliiweka 0.

4. Tulishusha GAIN mpaka 3, tukapandisha MASTER polepole. Kijana alipiga nyuzi zote kwa nguvu. Tulipandisha mpaka ukubwa wa kutosha nyumba, bila kukwaruza. Kama mashine yako haina GAIN na MASTER, ina VOLUME peke yake, basi simama pale sauti inapoanza kukwaruza, kisha rudi nyuma kidogo.

5. Tulitazama gitaa lenyewe. Chini ya nyuzi kuna sumaku zinazopokea mtetemeko. Iliyo karibu na shingo ya gitaa hutoa mlio mzito. Iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa chini, hutoa mlio mkali na wazi. Kijana alikuwa anatumia ya shingo tu. Tulimwomba asukume swichi katikati ili zote mbili zifanye kazi. Gitaa nalo lina nobu zake za sauti na mlio. Tuliziacha karibu na mwisho, kwa sababu nobu ya mlio ikishushwa sana, sauti za juu hufa kabla hazijafika kwenye mashine.

6. Sasa tuliongeza BASS kidogo kidogo: 1, 2, 3. Kwaya nzima ilikuwa inaimba na gitaa zito linapigwa. Jambo hili ni muhimu. Usitafute mlio ukiwa peke yako. Utafute mkiwa wote. Ilipofika 3 gitaa lilipata mwili. Ilipofika 4 ngurumo ilianza kurudi. Tukarudi 3. MIDDLE tukaipandisha mpaka 6.

7. Tulimtuma mtu nyuma kabisa. Yule mama alikwenda akasimama ukutani. Mpigaji hawezi kuhukumu mlio wake mwenyewe, kama vile mpishi aliyeonja sana hawezi kujua chumvi. Mama alinyoosha mkono juu. Ishara ile ilikuwa na maana: sasa nasikia.

8. Mwisho tulimwendea mpiga gitaa zito. Naye tulimpunguzia BASS kutoka 10 mpaka 6. Tukamtoa pembeni vilevile. Hakupenda mwanzoni. Aliposikia kila noti yake inajitenga na mwenzake, alinyamaza akaendelea kupiga.

Namba tulizozitaja ni za mashine ile na jengo lile. Kwako huenda zikawa nyingine. Usizikariri kama sala. Shika njia yake: anza na besi chini kabisa, ongeza polepole mkiwa pamoja, simama ngurumo inapoanza.

Jambo moja zaidi. Jengo likijaa watu, nguo na miili yao hunywa sauti za juu. Mlio uliokuwa mkali kwenye mazoezi hupoa siku ya sherehe. Siku hiyo ongeza TREBLE kidogo. Usikimbilie besi.

Kama kikundi chenu kinatumia meza moja ya kuchanganya sauti zote, tafuta kitufe kilichoandikwa LOW CUT au HPF. Kazi yake ni kukata ngurumo ya chini kabisa. Kibonyeze kwenye mistari ya waimbaji na ya gitaa la solo. Usikibonyeze kwenye mstari wa gitaa zito.

Kabla ya kulaumu mashine

Mara nyingine besi si kosa. Nyuzi kuukuu zenye kutu na jasho hazilii vizuri. Hutoa mlio mfu, kama kengele iliyofungwa kitambaa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Zikichoka, badilisha.

Angalia pia waya unaotoka kwenye gitaa. Ukiushika na sauti inakatika au inapasuka, ubovu uko hapo. Waya ule ni wa bei ndogo kuliko mashine. Sigino tuliukuta waya mmoja umefungwa kwa gundi ya plastiki mahali patatu. Kikundi kilikubali kununua mwingine.

Tena sikiliza spika yenyewe. Ikikwaruza hata sauti ikiwa ndogo, karatasi yake huenda imepasuka. Mpelekee fundi. Usiitie gundi ya kiatu.

Hatari ya umeme

Hapa, ndugu wasomaji, hatutanii. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Unaweza kuua mtu. Mpiga gitaa yuko katika hatari kuliko wengine, kwa sababu mikono yake imeshika nyuzi za chuma, na nyuzi hizo zimeunganishwa na chuma cha mashine. Kama mashine ina hitilafu, na mdomo wake ukagusa kipaza sauti, umeme unaweza kupita mwilini mwake.

Kwa hiyo shikeni haya:

Plagi yenye miguu mitatu isikatwe mguu. Mguu ule mmoja ndio unaopeleka umeme mbaya ardhini. Fundi aliyesomea ahakikishe kwamba soketi yenu imeunganishwa kweli na ardhi.

Ukisikia mwasho au mshtuko mdogo kwenye nyuzi, acha kupiga hapo hapo. Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, ita fundi. Usiseme "ni kidogo tu."

Fyuzi ikikatika, weka fyuzi ya namba ileile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi inakatika ili nyumba isiungue.

Usifungue mashine mwenyewe. Hata ikichomolewa, ndani yake kuna vitu vinavyohifadhi umeme.

Mvua ikinyesha mahali pa wazi, zimeni. Wimbo utasubiri.

Jinsi jambo lilivyokwisha

Baada ya nusu saa, ambayo kwa kweli ilifika saa nzima, kwaya iliimba tena wimbo uleule. Vioo havikutetemeka. Solo lililia juu ya sauti za akina mama bila kuzifunika. Maneno ya wimbo tuliyasikia yote. Wapita njia wawili walisimama nje kusikiliza, na mmoja akaanza kuitikia.

Hatusemi kwamba sasa Sigino wana mlio kama wa bendi kubwa. Mashine ni ileile ya zamani. Kijana wetu bado anajifunza. Lakini sasa makosa yake yanasikika. Hiyo nayo ni faida, maana kosa lisilosikika halirekebishwi. Yeye mwenyewe alituambia akicheka, "Mwalimu, mmenivua nguo. Zamani nilijificha ndani ya besi."

Kuhusu magunia sita ya mbaazi, hatukuwaamulia. Mali ni yao. Tulisema tu kwamba shida waliyotaka kuitibu kwa fedha ilikuwa ya namba tisa iliyopaswa kuwa tatu. Waliitisha kikao kingine. Walikubaliana kuuza gunia moja, wanunue waya mpya na nyuzi, na kumlipa fundi wa umeme atazame soketi. Matano yalibaki kwa kazi iliyokusudiwa. Yule mama aliyesoma namba alichaguliwa kuwa msikilizaji wa nyuma. Kila mazoezi husimama ukutani. Akinyoosha mkono juu, wanaendelea. Akiushusha, besi inapungua.

Wenye mashine katika vijiji vingine, nanyi mtafuteni msikilizaji wenu. Si lazima ajue kupiga gitaa. Lazima awe na masikio, na awe na moyo wa kusema kweli.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini mama wa Sigino aliona vidole vinakwenda lakini hakusikia gitaa?

2. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka kama mara ngapi kwa sekunde? Na ule wa gitaa zito?

3. Eleza kwa nini mashine isiwekwe sakafuni kwenye pembe ya nyumba.

4. Someni pamoja maandishi ya mashine yenu. Andikeni katika daftari namba ya kila nobu kabla ya kubadilisha, na baada ya kubadilisha.

5. Soketi yenu ina miguu mingapi? Nani aliikagua, na lini?

6. Je, kuna jambo jingine kijijini kwenu ambalo mnataka kulitibu kwa fedha, kumbe linahitaji kutazamwa upya?